Wake Wenza Wasio na Mume

Awuor mwanangu,

Mkoba wako umefungwa, na si mimi niliyeufunga. Waya Rosebela, dada ya baba yako, ndiye aliyekunja sketi zako, akaviringisha soksi na kuzisukuma ndani ya viatu ili nafasi isipotee, kisha akaukalia mkoba huku wewe ukivuta zipu. Mlikuwa mkicheka kwa Kiluo. Mimi nilisimama mlangoni na sweta niliyokufumia, na hakuna aliyegeuka. Nikarudi jikoni. Uliponifuata na kuniuliza, "Mama, mbona umenyamaza?" nilikujibu kwamba naangalia maharagwe yasiungue. Hayakuwa yakiungua. Nilikuwa na wivu.

Sasa mmetoka kuaga majirani, jua bado liko juu ya ziwa, nami nimeketi kwenye meza ninaposahihishia madaftari ya wanafunzi wangu. Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Umemaliza shule, unajua kufua na kupika, na huko Uganda wamisionari wenzako watakufundisha mengine. Nataka kukuandikia jambo ambalo siwezi kulisema nikiwa nimekutazama.

Nyumba nzima inasubiri neno langu. Gari la jirani litakalokupeleka Kisumu kesho asubuhi lina nafasi ya msindikizaji mmoja tu. Wewe hujasema unamtaka nani. Waya hajasema. Baba yako alisema, "Wanawake watajipanga," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Nimenyamaza siku nne. Najua kwamba nikiendelea kununa mtanipa nafasi hiyo kwa kunihurumia, na kwa siku zote nne nimekuwa tayari kuipokea hivyo hivyo.

Nilipokuwa nikifundisha Karungu, ulikaa kwa Waya miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekutoa jino la kwanza. Nilikuja mwisho wa mwezi nikakuta pengo, nawe ukakimbia kumwonyesha yeye kitabu nilichokuletea mimi. Ulikuwa mtoto. Sikulaumu. Lakini sijasahau, na ni vizuri ujue kwamba mama anaweza kukumbuka jino kwa miaka kumi na mitatu.

Unajua kwamba nilihudumu kama mmisionari hapa Homa Bay katika miaka ya tisini, kabla sijamfahamu baba yako. Umesikia habari ya mbwa wa Makongeni aliyetukimbiza mpaka tukaingia kwenye harusi ya watu. Hii ninayokuandikia hujaisikia. Baba yako anajua nusu yake.

Nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili, kutoka kwetu Kibwezi. Nilikuwa nimetoka shuleni muda si mrefu na moyoni nilikuwa bado kiranja mkuu. Mwalimu wangu wa Kiswahili alinifundisha kwamba insha nzuri ni ile ambayo msomaji haoni jasho la mwandishi, nami niliamini kwamba maisha nayo ni hivyo. Nilijua mafungu ya maandiko kwa moyo. Nilikuwa na daftari la kuandika majina ya watu nitakaowasaidia, na nilikuwa nimelipigia mistari kwa rula kabla hata sijaonana na mtu yeyote.

Mwenzangu aliitwa Adhiambo, msichana wa Siaya aliyeishia darasa la saba. Unajua utaratibu wetu: wawili wawili, na mwenzako asiondoke machoni pako isipokuwa chooni. Tuliamka saa kumi na mbili, tukapiga magoti kila mmoja kando ya kitanda chake, tukasoma, tukapika uji, na kufikia saa tatu tulikuwa barabarani na beji zetu za majina kifuani. Jumatatu tulifua. Tulitembea mpaka nyayo zikawa ngumu kama gome. Nilidhani mimi nitaongoza yeye afuate, kwa kuwa nilikuwa nimesoma zaidi.

Lakini Kiswahili hapa ni cha sokoni na cha wageni. Mlango ukifunguliwa kwa Kiswahili, unafunguliwa nusu. Adhiambo alipoita hodi kwa Kiluo, mlango ulifunguka wote, na viti vikatoka, na watoto, na hata nyanya aliyekuwa amelala. Mimi niliketi na tabasamu mpaka mashavu yakauma. Walizungumza, wakapigana mapajani kwa kicheko, na nilipouliza, "Wamesema nini?" Adhiambo alinijibu, "Wanasema karibu."

Dakika kumi za maneno, na mimi nikapewa karibu!

Tulikuwa tukimtembelea mara kwa mara Mama Akoth, aliyeanika samaki karibu na ufuo. Aliwapasua ngege katikati, akawatia chumvi na kuwatandaza juani mpaka wawe wale mnaowaita obambla. Siku ya kwanza alituwekea chai ya maziwa, vikombe vilivyojaa mpaka ukingoni. Nikamweleza kwa Kiswahili sanifu kwamba kanisa letu halituruhusu kunywa chai. Akaniangalia kana kwamba nimeikanyaga mezani.

"Wasabato walishatunyima samaki kamongo," alisema. "Sasa nyinyi Wamormoni mmekuja kutunyima chai. Mtatuachia nini, upepo?"

"Mama, tuachie uji," Adhiambo akasema. "Uji haina kanisa."

Mama Akoth alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo uji wa mtama ulitusubiri kila tulipokwenda, na kibuyu kilipelekwa kwanza kwa Adhiambo. Mimi ndiye niliyesema ukweli kuhusu chai. Yeye ndiye aliyepata uji. Nililihesabu jambo hilo kama dhuluma.

Mambo yalizidi kwa sababu Adhiambo alikuwa mtoaji. Mvua ilipotishia samaki, alimwachia Mama Akoth mwavuli wetu, tukarudi nyumbani tumelowa. Sabuni yetu aliikata vipande viwili, kimoja kikaenda kwa jirani aliyejifungua. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tulifunga milo miwili, kama tunavyofanya hata sasa, na unga ambao tungeula tulimpelekea mtu mwenye shida. Tulipopima unga huo, Adhiambo alijaza kikombe mpaka kikawa na kilima. Mimi nilipitisha kisu juu yake kukisawazisha.

"Mwikali," aliniambia, "unampimia Mungu ama unampimia mtu ana njaa?"

"Napima sawasawa," nilijibu.

Baadaye aliivua sweta yake mwenyewe akamvika Mama Akoth asubuhi ya baridi, pale pale ufuoni, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo. Watu walianza kumwita binti yao. Usiku huo nilifungua sanduku langu nikatoa leso nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, aliyonipa mama yangu siku nilipoondoka. Kesho yake nilimpa Mama Akoth mbele ya wanawake wote wa ufuoni. Nilihakikisha wamenyamaza kwanza. Nikatoa na maneno mafupi.

"Asante, Dada," alisema.

Tulipopita tena, sweta ya Adhiambo ilikuwa mwilini mwa Mama Akoth. Leso ya mama yangu ilikuwa imetandazwa juu ya samaki kuzuia nzi.

Cheka, mwanangu, hata mimi sasa nacheka kidogo. Siku ile nilijifungia chooni, mahali pekee nilipoweza kuwa peke yangu, nikalia. Sikulia kwa ajili ya leso. Nililia kwa sababu mimi nilijitahidi na yeye hakujitahidi. Sitakudanganya kwamba wivu una sababu kubwa. Wangu ulikuwa na sababu ndogo nyingi, na nilizitunza vizuri.

Kila Jumatatu, baada ya kufua, kila mmoja wetu alimwandikia barua kiongozi wa misheni kule Nairobi kueleza kazi ilivyo. Jumatatu iliyofuata niliandika hivi: kwamba mwenzangu anagawa vitu bila mpango, kwamba anaongea Kiluo mbele yangu nami siwezi kujua anafundisha nini, kwamba watu wameanza kumpenda yeye kuliko mafundisho, na kwamba labda angefaa zaidi kwingine. Niliisoma tena. Kila sentensi ilikuwa na ukweli ndani yake. Hakukuwa na kosa hata moja la tahajia. Nakumbuka nilifurahia jinsi mwandiko wangu ulivyonyooka. Adhiambo alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akiuma kalamu, akaniuliza, "Kiswahili ya 'nimebarikiwa' inaandikwa na k ngapi?" Nikamwambia moja. Nikafunga bahasha yangu.

Wiki tatu baadaye alihamishiwa Migori.

Alifunga virago kwa muda mfupi kwa sababu hakuwa amebaki na vingi. Aliniuliza mara moja tu, "Nimekosa nini?" Nilimwambia uhamisho ni jambo la kawaida. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mwenzangu mpya alitoka Nakuru, msichana mwema, naye hakujua Kiluo hata neno. Sasa tulikuwa sawa kabisa. Tuliketi kwa Mama Akoth kama wanawake wawili wanaosubiri daktari. Alitupa viti. Alitupa uji, maana hakuwa mtu wa kumnyima mgeni, lakini alitupa bila mzaha wowote, na sikujua mpaka siku ile kwamba uji bila mzaha ni mgumu kumeza.

"Yule mwingine alikosa nini?" aliniuliza.

"Hakukosa."

"Basi mbona alitolewa?"

"Ni kazi ya Mungu, Mama. Ndivyo ilivyopangwa."

Awuor, katika yote, hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Barua niliiandika kwa hasira. Jibu hili nililitoa nikiwa mtulivu, nikamtwika Mungu jambo nililolifanya mimi. Nilikwenda nyumbani na maneno hayo yakaniwasha kama siafu ndani ya nguo. Nilijaribu kufunga, nikaona njaa tu. Siku ya tatu nikamwomba mwenzangu turudi ufuoni, nikamwambia Mama Akoth yote, kuanzia leso hadi barua. Mwenzangu aliangalia ziwa wakati wote, maskini.

Mama Akoth alikuwa akigeuza samaki. Hakuacha kugeuza. Nilipomaliza alinyanyuka, akashika kiuno, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, halafu akapasuka kicheko.

"Kumbe mlikuwa wake wenza!" alisema. "Wake wenza, na hata mume hamna! Mimi ni mke wa pili, Dada. Wivu mimi najua kwa harufu. Wewe ulikuwa unanuka toka siku ya leso."

"Ulijua?"

"Mtu anapeana leso na hotuba, unataka nisijue?"

Akafuta mikono kwa sketi na uso wake ukabadilika.

"Mke mwenzangu yuko nyumba ile," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Tumegombana miaka mingi. Kuna wiki hatusalimiani. Lakini nikipika samaki, mtoto anapeleka sahani kwake. Yeye akipika, sahani inakuja kwangu. Siku sahani haitavuka, hapo ndio boma imekufa. Si siku tunatukanana. Kutukanana ni kawaida." Kisha akaokota samaki wanne waliokauka vizuri, akawafunga kwa gazeti. "Mnaenda Migori mkutano, sivyo? Mpelekee hizi samaki. Na umwambie kwa mdomo yako. Usiandike. Wewe ukiandika unaharibu."

Wamisionari wote wa pande hizi walikutana Migori wiki iliyofuata. Nilimkuta Adhiambo uani, nyuma ya nyumba tuliyokuwa tukikutania, akikatakata sukuma wiki kwa ajili ya chakula cha mchana. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliangusha kisu, akanikumbatia, na nikaona afadhali angenipiga. Nikampa samaki, nikamwambia wametoka kwa nani, na kabla sijapoa nikamwambia kuhusu barua.

Nilitarajia aseme alijua. Katika mawazo yangu ya njiani, alikuwa amekwisha kujua na amekwisha kunisamehe, tukalia pamoja.

Hakujua.

"Wewe?" alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mwikali, nimefunga mara tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mara tatu, nikimwuliza Mungu nilikosa nini. Nimetafuta dhambi mpaka nikaanza kutubu zile sijafanya. Na ni wewe?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Hapo akapandisha sauti, na mtu mmoja akachungulia dirishani. "Mimi unionee wivu? Mimi tangu nibatizwe, nyumbani kwetu hakuna mtu ameniandikia hata mstari. Wewe kila Ijumaa unapata barua ya mamako, unaketi kwa kitanda unasoma. Kwa sauti, Mwikali! Mpaka mbuzi imezaa, unasoma kwa sauti! Najua majina ya mbuzi zenu zote. Nilikuwa najifunika blanketi nisisikie, na bado nasikia, na bado nataka usome."

Nilikuwa nimemsomea nikidhani namfanyia wema. Kwa miezi mitano nililala hatua mbili kutoka kwa msichana aliyekuwa akiniona mimi ndiye mwenye kila kitu. Sikumwona hata mara moja, kwa jinsi nilivyokuwa nikimtazama.

Aliokota kisu akaendelea kukata mboga, kwa nguvu, bila kuniangalia. Niliketi kwenye ngazi. Wakati wa chakula ulipofika sikupanga foleni na wengine. Sikuwa na haki, na pia, nikiri, nilitaka mtu aone kwamba sili. Adhiambo alitoka na sahani moja. Alikuwa amewachemsha samaki wa Mama Akoth kwa nyanya. Aliketi kando yangu, si karibu sana, akaumega ugali katikati, akasukuma nusu kubwa upande wangu, na juu yake akaweka samaki mzima.

"Kula."

"Umenisamehe?"

"Nimesema kula. Sijasema nimekusamehe."

Tukala, mikono yetu ikipishana kwenye sahani. Alikuwa bado na machozi ya hasira, na kila mara aliponyofoa mnofu mzuri pasipo miiba aliusogeza upande wangu kwa kidole, kwa ukali, kama mtu anayesukuma jiwe. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu hutoa kwa sababu anapenda, na kwa hiyo nilikuwa nimesubiri nipende kwanza. Nilidhani Adhiambo ana moyo usio na kisirani na ndiyo maana mkono wake ni mwepesi. Kumbe alikuwa na kisirani kama mimi, na wivu kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba mkono wake haukuwa ukisubiri ruhusa.

Msamaha ulikuja baadaye, polepole, kwa vipande. Huo ni wake kuusimulia. Jioni ile nilimwandikia mama yangu na kumwomba amwandikie Adhiambo, naye akaandika, habari zile zile za mbuzi. Niliona wivu kidogo hata kwa hilo. Nakuambia ili usije ukadhani niliponywa pale kwenye ngazi ya Migori.

Sikuponywa. Nakuonea wivu wewe mwenyewe kwa miezi hii kumi na minane inayokusubiri, kwa barabara ambazo hujazijua, na kwa miguu yako isiyouma. Namwonea wivu msichana nisiyemfahamu atakayekuwa mwenzako, atakayesikia unavyosema usingizini. Siku hizi mtapiga simu nyumbani kila wiki. Ukiona yeye hana wa kumpigia, nipe nimsalimie. Nitamwuliza amekula nini. Nitachukia kidogo dakika anazonipunguzia, lakini nitamwuliza. Na ukimwonea wivu, mwanangu, usishangae na usijifanye mtakatifu. Angalia tu kama sahani bado inavuka. Usije ukaketi kuandika barua nzuri.

Niliweka kalamu chini hapo, maana niliwasikia mkirudi. Wewe ulipita moja kwa moja kwa baba yako. Waya alibaki uani akinawa miguu kwenye bomba. Nilitoka nikaenda kusimama karibu naye. Nilitaka kulisema kwa Kiluo changu kinachochechemea, nikaona nitajificha nyuma ya makosa yangu, nikalisema kwa Kiswahili.

"Rosebela, kesho wewe ndiye utakayekwenda naye Kisumu."

Alifunga bomba. Alinigeukia, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Mwalimu, umekubali kwa roho?"

"Roho bado," nilimwambia. "Lakini nenda."

Mama yako,
Mwikali